Kompyuta ya Gendabi Ni ya Nani

Nina kasoro moja ambayo mama yangu aliiombea dua mpaka akachoka: mtu akiniambia jambo fulani haliwezekani, naanza kumchukia kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo Herman, katibu wa kikundi cha mbegu cha Gendabi, aliponieleza kuwa fundi mmoja huko mjini ameitazama kompyuta yao na kusema ni ya kutupwa, sikuuliza zaidi. Nilimwambia aiweke pale kwenye kaunta ya duka la kaka yangu Yahaya, Katesh, anywe chai, aende zake nyumbani.

Ulikuwa mwaka 2007. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa na miaka mitano tu, ofisi za Babati bado zinanuka rangi, na kila mwezi mradi mpya ulikuwa unazinduliwa kwa kofia na fulana. Mmoja wa miradi hiyo uliwapa wakulima wa Gendabi kompyuta, paneli ya sola na betri, ili watunze kumbukumbu za mbegu zao: shamba la nani, limepandwa lini, limekaguliwa lini, limetoa nini. Bila kumbukumbu hizo mbegu yao ingekuwa maharage ya kawaida tu, ya kuchemsha. Ndani ya ile kompyuta kulikuwa na misimu mitatu ya kazi ya watu thelathini na wawili.

Na Windows iliyokuwamo ilikuwa nakala ya nakala, muuzaji kaipachika tu ili mashine iwake siku ya uzinduzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hii haikuwa hata ya kuazima, ilikuwa imeanuliwa kwenye kamba ya jirani. Virusi vilijaa mpaka mashine ikawa inachukua robo saa kuamka, kisha ikaacha kuamka kabisa.

Mimi nilikuwa na CD za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile iitwayo Ubuntu. Niliziagiza kwa kujaza fomu kwenye mtandao nilipokwenda Arusha, zikaja kwa posta baada ya wiki sita, kumi nzima ndani ya bahasha, bila kudaiwa hata stempu. Nikaziokoa kwanza kumbukumbu za mbegu, moja baada ya nyingine, nikazihifadhi pembeni. Kisha nikafuta kila kitu, nikaweka Linux. Jioni ya siku ya pili mashine ya kutupwa ikaamka kwa dakika moja, nami nikampigia simu Herman kwa majivuno ambayo sikujaribu kuyaficha.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Kila Jumanne na Jumamosi nilidandia Land Rover za abiria hadi Gendabi, na kwa saa tatu ambazo betri ilituruhusu niliwafundisha watu wazima kuishi bila vitu walivyovizoea. Ungedhani wangelilia Word. Herman, baba wa watoto sita, kitu cha kwanza alichouliza ni mchezo wa karata umekwenda wapi. Mama Agatha, mtunza ghala la mbegu, alikataa kugusa kibonyezo hata kimoja kwa sababu kile kilima cha kijani kilichokuwa kwenye kioo kimetoweka, na kompyuta isiyo na kilima kwake haikuwa kompyuta. Nyuma yake, dirishani, ulikuwa umesimama mlima Hanang mzima, na yeye ananidai kilima cha picha.

Nikanunua karatasi ya manila, nikaigawa kwa mstari katikati. Kushoto niliandika jina la aliyeondoka, kulia jina la ndugu yake aliyebaki. Word kasafiri, ndugu yake Writer yupo. Excel kasafiri, mdogo wake Calc ndiye ana funguo za ghala. Wa kwenda mtandaoni siku tukiupata ni Firefox, wa picha ni GIMP, na yeye ana maringo, msimwite bila sababu. Mama Agatha akauliza kama hao wote ni wa baba mmoja. Nikamjibu baba ni tofauti, ila kazi ni moja. Hapo akaelewa kuliko ambavyo angeelewa kwa kozi ya wiki mbili, akavuta kiti, na kuanzia siku hiyo nilimsikia akiwaambia wenzake, "Hapo huhitaji Writer, mwite Calc." Jambo moja tu niliwafokea mpaka koo likanikauka: barua ya kwenda Babati ihifadhiwe kwa umbo la Word, kwa sababu kule wanayemjua ni yule aliyesafiri, na huyu mgeni hawatamfungulia mlango.

Aliyekuwa hasemi kitu ni mwenyekiti, Mzee Akonaay. Alikuwa na miaka sabini na moja, anakaa karibu na mlango na blanketi lake begani, anatazama vidole vya wenzake. Siku ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza hiki nilichokiweka ndani ya mashine ni cha nani. Nikamwambia ni cha kila mtu, kinatolewa bure. Wiki iliyofuata akaniuliza tena. Mara ya tatu alinivuta nje, nyuma ya ghala, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa. Mimi, masikini ya Mungu, nikadhani mzee ana tatizo la masikio, nikampazia sauti ya mnadani: ni cha bure, mzee, hakina mwenyewe, ni cha watu wote. Aligeuka kuangalia kama kuna mtu aliyesikia. Kisha akanishika mkono, akasema taratibu kwamba amenielewa na hataniuliza tena. Nikarudi Katesh nimefurahi, najiona mwalimu hodari.

Mwezi mmoja baadaye akaja Bwana Onesphory, msimamizi wa mradi, kutoka Babati. Siku hiyo sikuwapo. Alikuja na fomu, maana kuna mashine za mradi zilizokutwa na programu za wizi na wakubwa walikuwa wamefoka. Fomu ilikuwa na safu moja iliyoandikwa Mmiliki wa Programu. Alipowasha akakuta kitu asichokijua, akamwuliza mwenyekiti hizi programu ni za nani. Mzee Akonaay akajibu kwamba hilo haliulizwi. Onesphory akauliza tena, na mzee akanyamaza. Wanakikundi wengine walitazama chini, hata Herman, ambaye ningeapa kwamba anajua jibu. Onesphory akaandika kwenye ile safu: haijulikani, inashukiwa wizi. Akawapa siku saba. Asipopata jina la mmiliki, mashine itarudi Babati, na kikundi kitaondolewa kwenye orodha.

Herman aliponisimulia kwenye simu nilikasirika mpaka Yahaya akafunga mlango wa duka wateja wasisikie. Nilimkasirikia hasa mzee. Nimemwambia mara tatu! Kwa nini hakusema?

Mama Agatha ndiye aliyenifungua macho, kesho yake, tukiwa tunachambua maharage ghalani. Mimi nimezaliwa Katesh, lakini kwetu ni watu wa duka, babu alikuja na bidhaa kutoka Kondoa, na mambo ya mazizi sikuyajua. Alinieleza kwamba kwao mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja. Anawekesha mmoja kwa huyu, wawili kwa yule. Unayewekeshwa unakunywa maziwa na mbolea unaipeleka shambani kwako, lakini ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa unampelekea ngozi aione kwa macho yake. Na ng'ombe yupi ni wa nani, wanajua wawili tu. Ukiingia zizini kwa mtu huulizi, na ukiulizwa hujibu. Mtu anayetangaza ng'ombe wa watu hawekeshwi tena maisha yake yote.

"Mzee aliona umeleta kitu kizuri, hutaki kitu, na ukiulizwa unakataa kumtaja mwenyewe," alisema. "Akajua kuna mkubwa amekiwekesha kwetu na hataki atajwe. Amemfichia siri yake. Ndiyo adabu."

Nikakumbuka nilivyompigia kelele nyuma ya ghala, na jinsi alivyogeuka kuangalia kama tumesikika. Niliona aibu. Lakini aibu kwangu haikai sana, hasira huipisha mlangoni, na Mama Agatha ndiye aliyeichochea kwa kuongeza neno moja: Onesphory ni mzaliwa wa Gehandu. Yote hayo anayajua. Alijua mzee atajibu nini kabla hajauliza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Babati. Onesphory alinipokea vizuri, akanivutia kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza Linux ni nini, nikamwekea mezani CD na karatasi ya leseni yake. Hakuigusa.

"Wewe binti ni mwanakikundi?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi hapa unamsemea nani? Mali ilikabidhiwa kwa mwenyekiti. Mwenyekiti aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, programu ni za nani. Utamaduni hauna safu kwenye fomu yangu. Kitu kisichotajwa mwenyewe mimi nakiita cha wizi."

Nilimwambia anajua vizuri sana kwa nini mzee hakujibu. Akasema muda wake umekwisha, ana kikao. Nilitoka bila kuaga, na kwetu huko ni kutukana.

Zilibaki siku nne. Nilichukua daftari la shule nikaitafsiri leseni yote kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kwa maneno ya mazizi. Siku ya tano nikaenda nayo nyumbani kwa Mzee Akonaay, nikamkuta anatengeneza ua. Nikamwomba radhi kwanza kwa zile kelele. Kisha nikamwambia afikirie kwamba nimemletea ng'ombe.

"Maziwa?" aliuliza, bila kuacha kufunga kamba.

"Yako."

"Ndama?"

"Wako, wote."

"Nikimpa jirani ndama mmoja?"

"Mpe. Sharti ni moja, naye asimnyime mwingine."

Hapo aliacha kamba. "Na mwenyewe akija kumchukua?"

"Hawezi, mzee. Ameandika na kuweka sahihi kwamba hawezi, yeye wala watoto wake."

"Zulfa," akasema, "ng'ombe wa hivyo hajazaliwa."

Nilimsomea daftari lote. Alikuwa ananisimamisha kila kifungu, anauliza kama mtu anayenunua shamba: kama huyo mwenyewe akigombana na nduguze je, kama kikundi kikivunjika je, kama mtu mwovu akimpata yule ndama je. Nilijibu nilichokijua, na nisichokijua nikasema sijui. Mwisho nikamweleza yote aliyoniambia Onesphory kule Babati, kisha ukweli wa moyo wangu. Mashine ikiondoka itaniuma, lakini kinachonichoma ni kwamba mtu amekaa kwenye kiti akaandika neno wizi juu ya majina ya watu ambao hawajawahi kuiba hata hindi, na watu hao wametazama chini kwa sababu ya adabu yao wenyewe. Mzee hakuniahidi lolote. Alisema atafikiri, akarudi kwenye ua wake.

Siku ya saba watu walijaa ghalani, wanakikundi wote thelathini na wawili na majirani wengine waliokuja kutazama. Onesphory aliingia na dereva wake, na dereva alibeba boksi kubwa tupu na magazeti ya kufungia. Yaani alikuja na jeneza kabla ya kumwuliza mgonjwa hali. Niliposalimiwa sikuitikia.

Alisoma fomu yake yote, kisha akamwelekea mwenyekiti. Aliuliza kwa Kiswahili cha ofisini: nani mmiliki wa programu zilizomo ndani ya kompyuta hii?

Mzee Akonaay alisimama. Alichukua muda kulipanga blanketi begani.

"Umesema kitu kisichotajwa mwenyewe ni cha wizi," alisema. "Nimelifikiri hilo neno. Zizini kwangu wako ng'ombe kumi na mmoja. Wanne ni wangu. Basi kwa sheria yako mimi ni mwizi wa ng'ombe saba, na nimekuwa mwizi tangu ujana wangu. Leo nataka kujisafisha. Shika kalamu."

Mwanamume mmoja nyuma alisogea taratibu kuelekea mlangoni, kisha mwingine.

"Andika wa kwanza. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Mama yake aliletwa kwangu kutoka Gehandu, ule mwaka wa mvua kubwa. Aliyemleta alikuwa na kijana wake chuoni, na kijana huyo sasa ni..."

"Mzee," Onesphory alisema. "Inatosha."

"Haijatosha. Umesema nitaje kwa mdomo wangu, mbele ya watu."

"Kwa habari ya ng'ombe, imetosha." Alikuwa ameinamisha uso kwenye fomu, na kalamu ilikuwa imefunikwa.

"Kumbe nawe unajua kuna yasiyoulizwa," mzee akasema, bila kupandisha sauti. "Ulijua na juzi. Sasa nitakujibu la kompyuta, kwa sababu nimeamua, siyo kwa sababu umeniamrisha. Nilidhani kitu hiki tumewekeshwa. Nilikosea, kosa ni langu, huyu binti aliniambia mara tatu. Hakikuwekeshwa. Ni chetu. Maziwa yetu, ndama wetu. Na wewe ukitaka ndama utapewa leo hii, ukamfuge Babati."

Nilisimama nikamnyooshea Onesphory CD. Hakuipokea. Nikaiweka juu ya boksi lake, pamoja na lile daftari langu, nikarudi kukaa.

Onesphory akasema, kwa sauti iliyopungua, kwamba safu ya mmiliki ina nafasi ya jina moja tu.

"Ongeza karatasi," alisema Mama Agatha.

Ikaongezwa. Walipanga mstari, wakaandika majina yao mmoja mmoja, wengine kwa mwandiko waliojifunza kanisani, wengine kwa herufi zinazopanda mlima, wote thelathini na wawili. Sulle, ambaye hajui kuandika, aliweka dole gumba akasimamia mpaka wino ukauke. Onesphory alikunja zile karatasi, akaingia garini, na dereva akarudi na boksi lake tupu, CD na daftari bado vikiwa juu yake. Baada ya wiki tatu ikaja barua fupi kusema programu zilizotajwa ni halali na mashine iendelee kutumika kama kawaida. Hawakuomba radhi, na mimi sikutegemea waombe. Lakini CD yangu hawakuirudisha.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimeshinda. Lakini Jumapili iliyofuata ile siku ya saba, watu wakiwa bado wanacheka njiani wakimwigiza Onesphory, kijana mmoja aliyetumwa kutoka Gehandu alikuja kwa Mzee Akonaay na kamba, akamchukua yule mwekundu. Hakusema neno baya. Alishukuru kwa utunzaji, akaondoka. Jumatano wakaondoka wawili. Mzee hakuwa amemtaja mtu hata mmoja, alikuwa amefungua mdomo tu, lakini mdomo uliofunguliwa mara moja nani ataulinda. Hadi maharage yanavunwa, wote saba walikuwa wamekwenda, na hakuna aliyemwekesha mwingine.

Niliposikia nililia, na nilikuwa na hasira na kila mtu: waliowachukua, Onesphory, na zaidi mimi mwenyewe na daftari langu. Nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta amekaa kwenye gogo mbele ya zizi ambalo sasa lilikuwa pana kupita kiasi. Nikamwambia nimemponza. Nikamwambia mashine ile haina thamani ya ng'ombe saba na maziwa yao.

Aliniacha nimalize. "Mwanangu," akasema, "miaka hamsini mtu akipita hapo barabarani nilikuwa natazama chini, asije akaniuliza. Sasa aulize."

Nikauliza basi. Nilimnyooshea kidole ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, huyu wa nani, na huyu wa nani, na mara nne alinijibu kwa sauti ile ile: wangu.